Ungamo la Kamba: Jinsi Ulaya Ilivyoacha Kuwatesa Washtakiwa Mahakamani

Alfajiri ya tarehe 21 Juni 1630, mvua ikinyesha mjini Milan, mwanamke aitwaye Caterina Rosa alisimama dirishani kwake katika mtaa wa Vetra. Chini barabarani alimwona mwanamume mwenye joho jeusi, kofia imemshuka hadi machoni, karatasi mkononi, akipita kandokando ya nyumba na kugusagusa kuta. Tauni ilikuwa ikiua watu kwa maelfu mjini humo, na uvumi ulishaenea kwamba wapo watu wanaopaka sumu milangoni ili kusambaza ugonjwa. Habari ya Caterina ikatoka dirisha hili hadi lile, na kabla ya jua kuchwa mtaa mzima ulikuwa umeshaamini. Kesho yake akakamatwa Guglielmo Piazza, kamishna wa afya, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani akiandika majina ya wagonjwa na wafu. Mtu anayeandika huku anatembea huchafuka vidole kwa wino, na mvua ilikuwa ikimfukuza kila mtu ajibanze ukutani.

Nyumba ya Piazza ilipekuliwa, hakikupatikana kitu. Hakuna shahidi aliyeona sumu. Alipoulizwa kama amesikia habari za kuta kupakwa, alijibu kwamba hajui lolote. Mahakimu wakasema jibu hilo haliingii akilini, na kwa sheria ya siku hizo jibu lisiloingia akilini lilitosha kumpeleka mtu kwenye kamba. Alifungwa mikono nyuma ya mgongo, kamba ikapitishwa kwenye kapi lililoning'inia darini, akavutwa juu kwa mikono hiyohiyo hadi mabega yakateguka. Alikana. Wakamrudisha kwa mara ya pili, akakana tena. Hapo wakabadili mbinu: wakamwahidi msamaha endapo angewataja wenzake. Piazza akamtaja Gian Giacomo Mora, kinyozi wa jirani.

Mora, kama vinyozi wengi wa zama hizo, aliuza dawa. Alikuwa akitengeneza mafuta ya kujikinga na tauni, na Piazza alikuwa amemwagizia chupa moja. Askari walipoipekua nyumba yake walikuta uani sufuria ya shaba yenye maji ya majivu ya kufulia, na ukoko mzito chini. Wadobi walioitwa kuyakagua walisema si maji safi ya kufulia, na kwamba maji ya namna hiyo yanaweza kutumika kwa mabaya. Kinyozi akapandishwa kwenye kamba. Kwanza alikana. Maumivu yalipozidi, aliwaomba mahakimu wamwambie wanataka aseme nini, naye atasema. Akakiri. Siku iliyofuata, alipotakiwa kuthibitisha maneno yake akiwa hana kamba mwilini, alisema aliyatamka kwa sababu ya uchungu tu. Akaambiwa kwamba katika hali hiyo mateso yataanza upya. Akathibitisha.

Mwanzoni mwa Agosti wote wawili, hata Piazza aliyeahidiwa msamaha, walipakiwa kwenye mkokoteni. Njiani walichunwa nyama kwa koleo za moto, wakakatwa mkono wa kulia mbele ya duka la Mora, wakavunjwavunjwa viungo na kusokotwa kwenye gurudumu, na baada ya saa sita wakachinjwa. Miili ilichomwa na majivu yakatupwa mtoni. Duka la kinyozi lilibomolewa, na mahali pake serikali ikasimamisha nguzo ya mawe yenye maandishi ya Kilatini yaliyomkataza mtu yeyote kujenga tena juu ya kiwanja hicho. Watu wa Milan waliiita Nguzo ya Aibu. Ilisimama kwa karibu miaka 150.

Msomaji wa leo anapokutana na kisa hiki hudhani amekutana na watu waliorukwa na akili kwa sababu ya tauni, au na mahakimu wahuni. Walikuwa wasomi. Walikuwa wamehitimu sheria, walisali, walifuata vitabu, na mwandishi wa mahakama alinakili kila neno, mpaka mayowe ya mtu aliyekuwa akining'inia. Mateso hayakuwa uvunjaji wa utaratibu. Yalikuwa ndiyo utaratibu wenyewe, na yalikuwa na sababu zake, ambazo zilieleweka kwa kila mwanasheria kutoka Lisbon hadi Krakow.

Sababu hizo zilianza kwa nia njema. Kabla ya karne ya 13, mahakama nyingi za Ulaya zilimwachia Mungu kazi ya kuamua: mtuhumiwa alishika chuma cha moto au alitumbukizwa majini, na jeraha au kuelea kwake ndiko kulikotoa hukumu. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano uliwakataza mapadri kubariki majaribio hayo, nayo yakafifia. Sasa binadamu alilazimika kumhukumu binadamu mwenzake, na wanasheria waliosomea sheria ya Kirumi waliogopa mzigo huo. Wakaweka kipimo cha juu sana: mtu asiuawe mpaka wapatikane mashahidi wawili waliomwona kwa macho, au akiri mwenyewe. Dalili, hata zikiwa kumi, hazikutosha.

Lakini mchawi, mtilia sumu na mwizi wa usiku hawafanyi kazi yao mbele ya mashahidi wawili. Palipokuwa na dalili nzito bila mashahidi, njia iliyobaki ilikuwa ungamo, na ungamo lilipokataa kuja lenyewe, lilivutwa kwa kamba. Kipimo kilichowekwa ili kumlinda mtuhumiwa kikageuka kuwa sababu ya kumtesa. Mwaka 1532 Kaisari Karl wa Tano alitoa sheria ya jinai kwa ajili ya dola lake, ijulikanayo kama Carolina, iliyoeleza dalili zipi zinatosha kuruhusu mateso. Yalikuwepo masharti: hakimu asimtilie mtu maneno mdomoni, na ungamo lirudiwe baadaye mbali na vyombo vya mateso. Kisa cha Mora kinaonyesha sharti hilo la mwisho lilikuwa na thamani gani, kwa kuwa aliyelikana ungamo lake alirudishwa palepale alipotolewa.

Uingereza ilichukua njia nyingine, wala si kwa sababu Waingereza walikuwa na huruma zaidi. Huko kesi iliamuliwa na baraza la wazee wa mahakama wapatao 12, raia wa kawaida, ambao wangeweza kumtia mtu hatiani kwa dalili tu. Ungamo halikuwa lazima, kwa hiyo kamba haikuhitajika. Hata hivyo, kati ya mwaka 1540 na 1640 Baraza la Siri la mfalme lilitoa takriban vibali 80 vya kutesa, vingi vikiwa kwa watu walioshukiwa kuitishia serikali.

Sauti za kupinga hazikukosekana. Mwaka 1631, mwaka mmoja tu baada ya Mora kufa, kilitoka katika mji wa Rinteln nchini Ujerumani kitabu cha Kilatini kisicho na jina la mwandishi. Aliyekiandika alikuwa Friedrich Spee, padri Mjesuti aliyeziona kwa karibu kesi za wanawake waliohukumiwa kwa uchawi. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu yeyote akiteswa vya kutosha atakiri uchawi, wakiwemo mapadri na maaskofu, kwa hiyo idadi ya wachawi nchini inategemea bidii ya watesaji. Kitabu kilisomwa, kikatafsiriwa, na baadhi ya watawala walipunguza kesi za uchawi kwa sababu yake. Mateso yenyewe yakaendelea kwa zaidi ya miaka 100.

Kilichobadilika katika karne ya 18, katika zile zinazoitwa Zama za Mwangaza, ni kwamba hoja hiyo ilitoka katika Kilatini cha wasomi ikaingia katika lugha za watu, magazeti na vibaraza vya kahawa. Na tena Milan ikawa katikati ya jambo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1760, vijana wachache wa koo za kitajiri walikuwa wakikutana nyumbani kwa Pietro Verri, mtoto wa jaji mkubwa wa Seneti ya Milan. Walijiita Chuo cha Ngumi kwa jinsi mabishano yao yalivyokuwa makali, na baadaye walitoa jarida lao, Il Caffè. Mdogo wake Pietro, Alessandro Verri, alikuwa na wadhifa wa kuwatetea wafungwa, na kila alipotoka gerezani alikuja na habari za yale aliyoyaona. Miongoni mwa waliokuwa wakimsikiliza alikuwamo Cesare Beccaria, kijana mpole, mzito wa kuanza jambo, hodari wa hesabu. Pietro Verri ndiye aliyemhimiza aandike kuhusu adhabu. Beccaria aliandika kurasa chache kwa wakati, akizisoma mbele ya wenzake, nao wakizijadili na kuzipanga.

Kitabu chake, Dei delitti e delle pene, yaani juu ya makosa na adhabu, kilichapishwa Livorno mwaka 1764 bila jina la mwandishi. Beccaria alikuwa na umri wa miaka 26. Sura ya mateso ni fupi, na nguvu yake iko katika ukavu wa hesabu yake. Kosa ama limethibitika, ama halijathibitika. Likiwa limethibitika, mtu anastahili adhabu iliyowekwa na sheria tu, na ungamo lake halina kazi tena. Likiwa halijathibitika, basi mbele ya sheria mtu huyo hana hatia, na anayemtesa anamtesa asiye na hatia. Hakuna mlango wa tatu. Tena mateso hayapimi ukweli, yanapima misuli na mishipa: jambazi mwenye mwili mgumu atavumilia aachiwe huru, na dhaifu asiye na kosa atakiri anyongwe.

Ndani ya hoja hiyo kuna wazo ambalo siasa za kisasa zimesimama juu yake, kwamba mtu hana hatia mpaka ithibitike. Kwa wanasheria wa zamani hatia ilikuwa na ngazi: nusu ya ushahidi ilimfanya mtu kuwa nusu mkosaji, na nusu mkosaji angeweza kuguswa mwili. Beccaria aliziondoa ngazi hizo zote. Serikali, kwake, ni mapatano ya watu waliotoa kila mmoja kipande kidogo cha uhuru wake ili waishi kwa usalama, na hakuna aliyetoa kipande kikubwa kiasi cha kuiruhusu serikali imtese kabla haijajua kama amekosa.

Mwaka 1766 Kanisa Katoliki lilikiweka kitabu hicho kwenye orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku. Wakati huo tafsiri ya Kifaransa ya padri André Morellet ilikuwa tayari inazagaa Paris, na mmoja wa wasomaji wa Beccaria alikuwa Voltaire.

Voltaire alikuwa na kesi yake mkononi. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1761 huko Toulouse, kijana Marc-Antoine Calas alikutwa amekufa dukani kwa baba yake, mfanyabiashara wa vitambaa. Familia hiyo ilikuwa ya Kiprotestanti katika mji wa Kikatoliki. Kwanza walisema ameuawa, wakihofia mwili wa mtu aliyejinyonga usije ukaburutwa barabarani kama sheria ilivyoagiza. Umati uliokusanyika nje ukatoa hukumu yake: baba amemuua mwanawe kwa sababu alitaka kuwa Mkatoliki. Tarehe 9 Machi 1762 majaji wa Toulouse walimhukumu Jean Calas kifo kwa kura 8 dhidi ya 5, na kesho yake, kabla ya kuvunjwa viungo, aliteswa ili awataje walioshirikiana naye. Walimvuta viungo, kisha wakamnywesha maji kwa nguvu, mtungi baada ya mtungi. Mzee huyo wa miaka 63 hakumtaja mtu, kwa sababu hapakuwa na wa kumtaja. Uthabiti wake uliwaokoa wengine: mkewe, mwanawe mwingine, mgeni wao na mtumishi wao wa kike, wote waliokuwa wakisubiri zamu.

Kutoka nyumbani kwake Ferney, karibu na mpaka wa Uswisi, Voltaire aliandika barua kwa mawaziri, mabalozi na wanawake wakubwa wa Paris, akachanga fedha na kutafuta mawakili. Tarehe 9 Machi 1765, miaka mitatu kamili baada ya hukumu, jina la Calas lilisafishwa, na mfalme akaipa familia zawadi ya livre 36,000. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika miaka ya mwanzo ya kampeni hiyo Voltaire alishughulika na chuki ya kidini. Kitabu chake cha mwaka 1763 kuhusu kuvumiliana kiliwalaumu majaji kwa upofu wa imani, lakini hakikuifanya desturi ya kutesa kuwa shtaka lake kuu. Ni baada ya kumsoma Beccaria ndipo alipoyatazama mateso yenyewe, na mwaka 1766 akaandika ufafanuzi juu ya kitabu hicho. Mtu mwenye jicho kali kama lake alihitaji kuonyeshwa jambo lililokuwa mbele yake siku zote.

Tawala zikaanza kufuata, nyingine kwa haraka, nyingine kwa kuburutwa. Frederick wa Pili wa Prussia alikuwa ametangulia: Juni 1740, siku chache tu baada ya kurithi kiti, alizuia mateso isipokuwa kwa makosa machache mazito, na mwaka 1754 akayafuta kabisa. Sweden ilifuata mwaka 1772. Vienna ilikwenda mbele na nyuma. Sheria ya jinai ya Malkia Maria Theresa ya mwaka 1768 ilikuja na michoro iliyopigwa chapa kwa ustadi, ikionyesha vipimo vya ngazi ya kunyooshea mwili, skrubu za kubana vidole gumba na mahali pa kufunga kila fundo, ili mtesaji asikosee. Miaka minane tu baadaye, mwaka 1776, baada ya kampeni ya profesa Joseph von Sonnenfels, malkia huyohuyo aliyafuta mateso katika nchi zake za Austria. Ufaransa ilifuta mwaka 1780 mateso ya kutafuta ungamo, na mwaka 1788 yale ya kutaja washirika, aina iliyompata Calas. Tarehe 30 Novemba 1786 Pietro Leopoldo, mtawala wa Toscana, alitoa sheria iliyofuta mateso pamoja na adhabu ya kifo.

Milan nayo ilikuwa chini ya Vienna, na kabla ya kufuta mateso Vienna iliomba maoni ya Seneti ya mji huo. Seneti ilijibu kwamba mateso yabaki. Mmoja wa waliosimama kidete kuyatetea alikuwa Gabriele Verri, baba yake Pietro. Katika nyumba hiyohiyo ambamo kitabu cha Beccaria kiliandikwa, baba mwenye joho la jaji aliamini kwamba bila kamba wahalifu watacheka, na mwana aliamini kwamba kamba yenyewe ni uhalifu. Pietro alijibu kwa kalamu. Alizitafuta kumbukumbu za kesi ya mwaka 1630, zilizohifadhika kwa sababu mtuhumiwa mmoja wa kesi hiyo, Giovanni de Padilla, alikuwa mtoto wa mkuu wa ngome ya Wahispania, waliotawala Milan wakati huo. Padilla alipata mawakili, alipewa nakala za ushahidi, na hatimaye aliachiwa huru. Kamishna na kinyozi hawakuwa na baba wa namna hiyo.

Kutokana na karatasi hizo Pietro Verri aliandika, katika miaka ya 1776 na 1777, uchunguzi wake kuhusu mateso. Hakuuchapisha. Kufanya hivyo kungekuwa kumdhalilisha baba yake na Seneti yake mbele ya ulimwengu. Baba alifariki mwaka 1782, Pietro mwenyewe mwaka 1797, na kitabu kikatoka mwaka 1804. Nguzo ya Aibu ilikuwa imeshabomolewa mwaka 1778, na mateso yalishafutwa Milan katika miaka ya 1780 kwa amri ya Kaisari Joseph wa Pili.

Wanahistoria wamegawanyika kuhusu kilichoyaangusha mateso. John Langbein, katika kitabu chake cha mwaka 1977, anasema vitabu vya wanafalsafa vilikuja wakati kazi ilishafanyika. Tangu karne ya 17 mahakama zilikuwa zimepata adhabu mpya, kama kupiga makasia kwenye merikebu za serikali na kufungwa katika nyumba za kazi, ambazo hakimu aliweza kuzitoa hata bila ushahidi kamili. Ungamo likashuka thamani, na mateso yakakosa kazi. Lynn Hunt, katika kitabu cha mwaka 2007, anaangalia kwingine: anasema wasomaji waliolia juu ya riwaya za Samuel Richardson na Jean-Jacques Rousseau walijifunza kuhisi maumivu ya mtu wasiyemjua, na mwili wa mshtakiwa ukaanza kuonekana kuwa mali yake mwenyewe. Maelezo hayo mawili yanahitajiana. Bila badiliko la kanuni za ushahidi, machozi yangebaki machozi ya sebuleni. Bila badiliko la hisia, desturi isiyo na kazi ingeweza kuishi karne nyingine, kama desturi nyingi zinavyoishi.

Mjadala wenye uzito zaidi ulizuka ndani ya ukoo wa Beccaria mwenyewe. Mjukuu wa Beccaria kwa upande wa binti, Alessandro Manzoni, ndiye mwandishi mkubwa wa riwaya wa Italia katika karne ya 19, na toleo la mwisho la riwaya yake I promessi sposi, lililokamilika mwaka 1842, lina nyongeza inayorudia kesi ya Mora. Manzoni alimheshimu Verri lakini hakuridhika naye. Verri aliilaumu desturi: mfumo ulikuwa mbaya, na mfumo ukamuua kinyozi. Manzoni alizisoma tena karatasi na kuonyesha kwamba mahakimu walivunja hata kanuni za mateso za siku zao. Ahadi ya msamaha waliyompa Piazza haikuwa halali, maswali yao yalibeba majibu ndani yake, na dalili walizozitegemea zilikuwa hafifu mno hata kwa vitabu vyao wenyewe. Walikuwa na uwezo wa kujua, akasema, na kwa woga wa umati wakachagua kutojua. Kulitupia kosa lote kwenye mfumo ni kuwafuta wanadamu walioketi kwenye viti.

Hoja ya Manzoni ndiyo inayofaa kuambatana nayo tunapovuka bahari. Kufikia mwaka 1800 dola nyingi za Ulaya magharibi zilikuwa zimefuta mateso nyumbani, lakini meli zake zilifika mahali ambapo kanuni hizo hazikushuka pwani. Mwaka 1801 huko Trinidad, koloni ambalo Uingereza ililitwaa kutoka Hispania, msichana mdogo Luisa Calderón alishukiwa kusaidia wizi wa fedha. Gavana Thomas Picton alitia saini kibali cha kumtesa. Alining'inizwa kwa kifundo cha mkono mmoja, mguu mmoja umekanyaga kigingi, mpaka akakiri. Mwaka 1806 Picton alishtakiwa London, Luisa mwenyewe akasimama kizimbani kuonyesha makovu yake, na baraza likamtia gavana hatiani. Kesi ilirudiwa mwaka 1808, ikaonekana kwamba sheria ya Kihispania iliyokuwa ikitumika kisiwani iliruhusu mateso, na hukumu ya adhabu haikutolewa kamwe. Picton alikufa Waterloo mwaka 1815 akiwa jenerali, na mnara wake ukawekwa katika Kanisa Kuu la St Paul's.

India ilitoa mfano wa pili. Mwaka 1855 tume iliyoundwa Madras iliripoti kwamba watu waliteswa na maofisa wa ngazi za chini ili walipe kodi na ili wakiri makosa. Ripoti hiyo ilichangia kanuni ngeni kwa zama zake: katika sheria ya mwenendo wa jinai ya mwaka 1861, kisha Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 iliyoandikwa na James Fitzjames Stephen, ungamo alilolipokea polisi halikukubaliwa mahakamani dhidi ya aliyelitoa. Sheria hiyo ya India, kwa marekebisho mbalimbali, ndiyo iliyoletwa baadaye Kenya, Uganda na Tanganyika, na ilitumika mpaka nchi hizo zilipotunga sheria zake za ushahidi, Kenya mwaka 1963 na Tanzania mwaka 1967.

Kuwepo kwa kanuni hakukumaanisha kufuatwa kwake. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambao huko kwao mateso yalikuwa historia, amri ya mwaka 1896 iliruhusu Mwafrika achapwe hadi viboko 25 kwa mara moja, na maneno hamsa ishirini yakabaki vinywani mwa wazee kwa vizazi. Nchini Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, watu waliwekwa kizuizini kwa makumi ya maelfu na wengi waliteswa ili wakane kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, au waseme nani amekila. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa mpaka kufa katika kambi ya Hola. Maofisa waliohusika hawakuwa watu wa mwaka 1630. Walikuwa wamezaliwa katika nchi iliyojivunia kutokuwa na kamba mahakamani, na baadhi yao waliandika barua za kulalamika ambazo wakubwa wao walizizika mafailini. Mafaili hayo yalipofichuliwa katika hifadhi ya serikali ya Uingereza huko Hanslope Park, kesi ya fidia ya wazee wa Kenya walioteswa ilipata nguvu, na tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228.

Uhuru nao haukuifuta tabia hiyo. Katika miaka ya 1980 wapinzani wa serikali waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House jijini Nairobi ili wakubali mashtaka, na miaka mingi baadaye Mahakama Kuu ya Kenya iliwapa fidia baadhi yao. Wengi walikuwa wamepelekwa mbele ya hakimu wakiwa na ungamo tayari, wakakiri na kufungwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inauweka uhuru wa kutoteswa miongoni mwa haki chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote, na ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania inakataza mtu kuteswa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1984 nao unasema kwamba vita, machafuko au amri ya mkubwa si udhuru, na kwamba maneno yaliyopatikana kwa mateso yasitumike kama ushahidi isipokuwa dhidi ya mtesaji. Lakini kifungu kinachogusa zaidi chumba cha mahojiano ni kidogo na hakina fahari. Baada ya mabadiliko ya mwaka 2003 na 2007, kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinasema ungamo halitakubaliwa mpaka litolewe mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya ofisa wa polisi mwenye cheo cha inspekta au zaidi ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, naye mtuhumiwa awe na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Mpelelezi anayejua kwamba ungamo lililotolewa mbele yake peke yake halitamfikisha popote hulazimika kutafuta alama za vidole, mashahidi na nyaraka. Hiyo ndiyo kazi ambayo mahakimu wa Milan waliiacha walipoikuta sufuria ya maji ya majivu na wasiulize inafuliwa nini.